Mwalimu Asimhukumu Mtoto Kabla ya Wakati

Yampasa mwalimu kumjua mwanafunzi wake. Lakini je, ana haki ya kukata shauri moyoni kwamba mtoto huyu ni mzito wa akili, wala hatafika popote? Swali hili lawahusu wazazi pia, kwani walimu wa kwanza wa mtoto ni baba na mama yake.

Jambo hili lilichunguzwa kwa miaka mingi na Robert Rosenthal, mtaalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyefariki mwaka 2024. Mwaka 1968 yeye na Lenore Jacobson, mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko California, walitoa kitabu juu ya jaribio lao. Waliwaambia walimu kwamba mtihani umeonyesha watoto fulani, kama mmoja katika kila watano, watachanua akili mwaka ule. Kumbe watoto hao walichaguliwa kwa bahati nasibu tu! Hata hivyo, mwisho wa mwaka, katika madarasa mawili ya chini, walikuwa wamepanda kuliko wenzao katika mtihani wa akili. Wataalamu wengine waliupinga uchunguzi huo, na ule wa baadaye umeonyesha kwamba nguvu ya matarajio ya mwalimu mara nyingi si kubwa, lakini ipo. Rosenthal alieleza njia zake: mwalimu humchangamkia zaidi yule anayemtumainia, humfundisha mengi zaidi, humpa nafasi zaidi ya kujibu, na humsahihisha kwa uangalifu zaidi.

Sasa tutazame kwetu. Katika vijiji vya Mlima Meru wako watoto waingiao darasa la kwanza na lugha ya nyumbani, Kimeru au Kimaasai cha Waarusha, wakakutana na Kiswahili cha shule. Wakifika sekondari, masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mtoto anyamazaye pengine hakupungukiwa akili, bali maneno. Akiisha kuitwa mzito, haulizwi tena. Na asiyeulizwa hajifunzi kujibu. Ndivyo hukumu inavyojitafutia ushahidi wake yenyewe.

Wengine watasema: Je, mwalimu adanganye, atoe alama zisizostahili? Hasha. Kosa na liitwe kosa. Kumwambia mtoto, "Hesabu hii umeikosa," ni kusema kweli. Kumwambia, "Wewe huwezi hesabu," ni kujidai kujua mambo ayajuayo Mungu peke yake. Kanisa lafundisha kwamba kumdhania jirani ubaya pasipo sababu ya kutosha ni kosa juu ya amri ya nane. Na mtoto naye ni jirani.

Twaujua mzigo wa walimu wenye madarasa yaliyojaa. Hatuwaombi miujiza. Kila siku mwalimu na amwulize swali mtoto mmoja aliyezoea kupitwa, kisha amngojee ajibu. Nanyi wazazi, msiseme mbele ya mtoto, "Huyu si wa shule." Bwana ndiye agawaye talanta, wala hakumwonyesha mtu yeyote hesabu yake.