Sauti Isiyofunika Kilio



Someni Ayubu 7, tangu mstari wa 16 hata mwisho. Hapo mtu aliyefiwa na watoto wake amwomba Mungu amwachilie. Maneno hayo ni mazito, nasi hupenda kuyapita upesi.

Katika karne ya 16 Cristóbal de Morales wa Hispania aliyatungia sauti za kuimbwa kwa Kilatini. Mwaka 1993, katika nyumba ya kale ya watawa huko St. Gerold, nchi ya Austria, waimbaji wanne Waingereza, waitwao Hilliard Ensemble, waliyaimba, na Jan Garbarek wa Norwei alipuliza saksafoni pamoja nao. Santuri yao, Officium, ilitoka mwaka 1994. Saksafoni ni chombo cha madini, chaweza kulia hata kuwashinda watu wanne. Walakini yeye aliipitisha sauti yake laini kati ya sauti zao. Hakuandikiwa la kupiga. Hivyo ilimpasa kuwasikiliza. Kilio cha Ayubu hakikuzimwa, bali kilipata mwenzi.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu waijua enanga: nyuzi zake huyachukua maneno ya mwimbaji, wala haziyafuniki.

Basi, ndugu, na tujipime tuingiapo nyumba ya msiba. Mara nyingi twafika na nyimbo za nguvu, vipaza sauti na maneno mengi, twamwambia aliyefiwa, "Usilie." Nasi tuandikao tumekosa vivyo hivyo: mjane alitaka kulitaja jina la mumewe, nasi tulikwisha kuanza wimbo. Rafiki za Ayubu waliketi naye siku saba wasiseme neno. Hiyo ndiyo iliyokuwa faraja yao bora, kabla hawajaanza kubishana naye.

Je, tusihubiri? Hasha! Habari ya ufufuo sharti ihubiriwe kaburini. Lakini Bwana Yesu, ajapokuwa alijua kwamba atamwita Lazaro atoke, kwanza alilia pamoja na Mariamu.

Kwa hiyo, enyi wainjilisti na walimu wa kwaya, mfikapo penye msiba, ketini kwanza. Sikilizeni. Mwacheni aliyefiwa aseme, au anyamaze. Kisha imbeni, tena kwa upole, ili naye apate nafasi ya kuimba pamoja nanyi.