Ahadi Isiyo na Muhula

Mwaka 1965 Edsger Dijkstra, mwanazuoni wa Kiholanzi, alitunga kanuni ya kuziwezesha programu kadhaa zinazokwenda sambamba kutumia kitu kimoja pasipo kugongana. Nayo ilihakikisha kwamba mbili hazitaingia pamoja, na kwamba daima iko itakayoingia, ila haikuipa yoyote dhamana kwamba itaingia yenyewe, hata mwaka uliofuata Donald Knuth akabainisha kuwa moja yaweza kupitwa na wenziwe abadi, ilhali kila hatua iliyopigwa ni halali. Dhuluma isiyo na dhalimu: sijui kadhi gani angeipokea kesi yake.

Dawa zilipatikana. Ile ya Leslie Lamport, ya mwaka 1974, huipa kila ijayo namba iliyo kubwa kuliko zote ilizoziona, na yenye namba ndogo ikatangulia.

Lililo zito zaidi ni hili: je, lugha yenyewe ya kuandikia programu, inayouachia mtambo hiari ya kuchagua moja kati ya kazi zilizo tayari, yapasa iahidi kwamba kazi inayodumu kuwa tayari iko siku itachaguliwa? Tazama programu yenye njia mbili tu, moja ya kuongeza hesabu kwa moja, ya pili ya kusimamisha kila kitu. Kwa ahadi hiyo itasimama, hapana shaka; lakini hesabu itakuwa imefika wapi, mia au milioni elfu, hapana awezaye kutaja. Dijkstra aliikataa ahadi ya namna hii, akishika kwamba wajibu ambao kuvunjwa kwake hakuwezi kuonekana katika muda wowote wenye kikomo si wajibu, maana mdaiwa kila akiulizwa ana haki ya kujibu: bado.

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya madeni katika Suratul Baqara, yaagiza deni la muda maalumu liandikwe. Na aliyelelewa katika fikra hiyo ataelemea upande wa Dijkstra. Mimi nasita. Baina ya kompyuta zilizotawanyika ujumbe huchelewa kwa kadiri isiyojulikana, na ingojayo jibu haina alama ya kuitenga iliyozimika na inayokawia. Lugha itakayotaja muhula huko itakuwa imeahidi mali isiyo yake. Na iseme tu kwamba utahudumiwa, ikomee hapo, kwani hilo pekee lamtosha mwenye kuhakiki programu kuthibitisha kwamba kazi haitakwama milele. Muhula wadaiwa kwa yule azijuaye nyaya na mitambo yake, aliyeiweka huduma na kupokea ujira wake.