Kumheshimu mzee ni kumketisha tu?

Mara nyingi tunamwona mtoto mwema akimwondolea mama yake mzee jembe mkononi: «Kaa, mama, umefanya kazi ya kutosha.» Watu wanamsifu, nasi tunamsifu, kwani anatenda kwa upendo. Lakini tujiulize: je, heshima hiyo inamsaidia kweli?

Mwili usiotumika unadhoofika. Mzee akikaa kitini kutwa, miguu inapungukiwa nguvu. Siku akisimama anayumba na kuanguka. Ndiyo sababu mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi kila juma, kila mtu kadiri ya uwezo wake.

Mazoezi hayo si mbio. Huko Japani, ambako mazoezi ya redio yalianza mwaka 1928, wazee wengi hukusanyika asubuhi, saa 12 na nusu, wakinyosha mikono na kuinama polepole kwa dakika 10. Asiyeweza kusimama hufanya akiwa ameketi. Hupata nguvu, tena huonana na wenzao.

Nasi hatuna haja ya kungoja redio. Tuwapunguzie wazee wetu mzigo, tusiwapunguzie mwendo. Jioni tumpe mzee mkono, twende naye polepole mpaka kwa jirani yake. Kumketisha ni kazi ya dakika moja; kutembea naye kunadai wakati wetu. Labda ndiyo maana tumependa zaidi kumketisha.