Dhamana ya Fundi Mota

Kazi ya fundi wa umeme na mitambo hufichika ikishakamilika. Koili zikisukwa, zikapigwa vanishi na vifuniko vya mota vikakazwa boliti, mwenye mashine ya kusaga habaki na cha kukagua ila sauti na joto. Mota ikiungua tena, huzuka swali ambalo fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu, ililijadili karne nyingi kabla ya umeme: fundi aliyepokea mali ya mtu kwa ujira, akaharibikiwa nayo, alipe?

Imamu Abu Hanifa hakumbebesha fundi hasara isiyotokana na kazi ya mkono wake. Wanafunzi wake, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, walimbana zaidi: hata kilichopotea dukani akilipe, isipokuwa kwa janga lisilozuilika kama moto mkubwa. Imamu Malik naye aliwawajibisha mafundi. Kwa Shafii, imamu wa madhehebu yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, ipo riwaya ya mwanafunzi wake al-Rabi: aliamini fundi asiyezembea halipi, ila hakupenda kuitangaza rai hiyo kwa kuwahofia mafundi waovu. Msimamo huo ni mgumu kuliko unavyoonekana, kwani unakiri kwamba hukumu ya haki inaweza kugeuka ngao ya mdanganyifu.

Kwa mota hofu hiyo ina msingi. Katika mota ya fezi tatu iliyofungwa kwa staa, koili za fezi mbili zikiwa nyeusi na za tatu zingali zinang'aa, fezi moja ilikatika njiani: kosa ni la fyuzi au kontakta, si la msukaji. Zote zikiwa nyeusi sawasawa, mashine ililemewa. Doa moja lililoungua ndani ya sloti huelekeza kidole kwenye karatasi ya insulesheni iliyochanika wakati wa kusuka. Alama hizo husomwa na fundi peke yake, na fundi ndiye mshtakiwa.

Kumfungulia mwenye mali mota mbele ya fundi wa pili hupunguza tatizo. Kupima insulesheni kwa mega ya volti 500 kabla ya kukabidhi, na kuandika kipimo kwenye risiti, pia husaidia, ingawa namba yenyewe huandikwa na fundi. Pasipo ushahidi mwingine, wanaomhesabu fundi kuwa mwenye amana huikubali kauli yake kwa kiapo.