Uchungu wa Muhogo



Huko Mtwara, muhogo mchungu hauliwi ukitoka tu shambani. Humenywa, hulowekwa au huanikwa juani hadi uwe makopa, kisha hutwangwa na kuchekechwa upate unga wa ugali. Kina mama wanaoijua kazi hiyo hawaifanyi kwa pupa.

Watafiti wa mimea nao wana njia yao ya kuuchunguza uchungu huo. Inaitwa metabolomiki, yaani kupima kwa pamoja mamia ya kemikali ndogondogo ambazo mmea hujitengenezea. Jani huchumwa na papo hapo hugandishwa kwa nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa kuwa kemikali zake huanza kubadilika mara tu linapokatwa. Kisha husagwa, na mashine hupima uzito wa molekuli zake. Mtafiti hupata habari za mmea za saa ileile jani lilipochumwa: kama ulikuwa na kiu, kama ulishambuliwa na wadudu.

Kwenye muhogo hukutwa kemikali iitwayo linamarini. Seli huiweka peke yake, mbali na kimeng'enya kinachoivunja. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani. Likitafunwa au kupondwa, hukutana na kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Ndivyo unavyojilinda mmea usioweza kukimbia. Tena ukame ukikaza, linamarini huongezeka: mbegu ileile, shamba lilelile, lakini mwaka wa kiangazi kikali muhogo huwa mchungu zaidi.

Je, yupo mtu wa karibu yako ambaye siku hizi kila neno lake ni chungu? Pengine ni mwenzi wako, pengine ni mwanao au jirani. Umeonja uchungu wake. Je, unaujua ukame aliopitia?

Sisemi kwamba sumu si sumu. Maneno yake yalikuumiza kweli, na Mungu hataki ujifanye hukuumia. Anachokuomba ni upole wa kuuliza kabla ya kuhukumu. Bwana wetu mwenyewe, akiwa msalabani, aliwaombea waliomtesa, akijua hawakuelewa walitendalo.

Lakini kusamehe nako kuna kazi yake. Muhogo ukikunwa, ukilowekwa na kukaushwa vizuri, sianidi huondoka kidogo kidogo kwa maji na hewa. Wakati wa njaa watu hulazimika kufupisha kazi hiyo, na sumu hubaki. Mahali ambapo chakula chenye protini nacho kilikosekana, ugonjwa wa konzo umewapooza miguu watoto na kina mama katika Kongo, Msumbiji na Tanzania.

Basi usijilaumu kama hujamaliza kusamehe. Msamaha wa juujuu huacha kitu ndani. Leo unamtaja katika sala kwa shida. Siku nyingine unaweza kumsalimia bila kifua kubana. Baadaye mnakula sahani moja. Uaminifu wa kila siku ndio unaoutoa uchungu, na neema ya Mungu haichoki kukungoja.

Wiki hii, mchague mtu mmoja. Mwombee kwa jina kila asubuhi. Ukipata nafasi, muulize habari za maisha yake, umsikilize hadi amalize. Bwana akutie nguvu katika kazi hiyo.