Ushindi ni wa Mkono au wa Kisu?

Katika madarasa ya fiqhi ya Kishafii huku pwani, mlango wa mashindano hupitwa mbio. Umekaa katika Minhaj ya Imamu Nawawi kati ya mlango wa vyakula na mlango wa viapo, na mwalimu akifika hapo husoma harakaharaka, kwa kuwa wanafunzi wameshaona hauwahusu. Nani Tanga ana farasi wa kushindanisha? Mimi nimeurudia utu uzimani, tena si kwa ajili ya farasi. Mimi ni mhunzi, na mpwa wangu aliyehamia Marekani anashindana kukata kwa kisu. Maswali anayoniuliza kwenye simu nimeyakuta mle karibu yote, yamejibiwa na mtu aliyefariki mwaka 1277.

Mashindano yenyewe yako hivi. Mshindani anaingia na kisu kimoja, na kwa kisu hichohicho anapita vituo vyote huku saa ikihesabu. Kituo kimoja kina mbao ya mbili kwa nne ya kukatwa vipande viwili. Kingine kina kamba nene ya inchi 1 inayoning'inia, chini haikushikwa na chochote. Kuna mpira wa tenisi, kuna chupa zilizojaa maji zilizopangwa safu, kuna mirija ya kunywea soda iliyosimamishwa wima. Bapa lisizidi inchi 10, kisu kizima kutoka ncha hadi kitako cha mpini kisizidi inchi 15, upana usizidi inchi 2. Mpini lazima uwe na kamba ya kuvaa mkononi, ili kisu kikiponyoka kisiwarukie watazamaji. Hakuna anayeanza kabla kisu chake hakijakaguliwa.

Mhunzi akiisikia orodha hiyo anajua kazi aliyopewa ni ngumu. Mbao inataka uzito uliosogea mbele na unene nyuma ya makali, maana kisu chembamba kikikutana na kifundo hukunjika, au hung'oka kipande. Mrija unataka kinyume chake, makali membamba yanayopita kabla haujawahi kuinama. Kisu kinene huusukuma ukaanguka mzima. Kamba iliyoachwa huru hukimbia kisu, kwa hiyo inataka makali yaliyoachiwa ukali wa kinoo, yaing'ate palepale inapoguswa. Chupa zinataka urefu, kwa kuwa ncha ya kisu kirefu hukimbia kuliko shina lake. Vyote kwa pamoja huvipati. Unachagua utapungukiwa wapi, na kwa kiasi gani. Mimi huyaacha makali yawe na tumbo kidogo pande zote mbili, kwa sababu tumbo hilo huitanua mbao wakati makali yanapenya, na likinolewa kwa subira bado linakata mrija. Wahunzi wengine hunoa bapa hadi mwisho na wana hoja zao. Hilo ni jambo la kukaa na kubishana mchana kutwa, na ningependa kubishana nao.

Kisu cha kwanza nilichomfulia mpwa wangu kilitokana na springi ya lori, jamaa ya chuma namba 5160 ambacho wahunzi wengi wa Marekani wanakipenda. Nilikitia matiko kwenye mafuta, kikakamata vizuri. Yeye hakuridhika. Wenzake wengi, akasema, wanatumia M4, chuma kinachotengenezwa kwa unga ulioshindiliwa kwa joto na mgandamizo, chenye vanadiamu takriban asilimia 4, na makali yake hayachoki upesi. "Mjomba, wao na M4, mimi na springi. Haki iko wapi?" Baadaye alijipatia M4 kwa fedha zake, akaanza kushinda, na swali likageuka. "Mjomba, wapo pale wasioweza kukinunua chuma hiki. Nikiwashinda, nimeshinda mimi?"

Lile la pili lilinifurahisha kuliko ushindi wake, kwa kuwa hakuna aliyemsukuma kuuliza. Watu huiona dhuluma upesi ikiwaelekea wao.

Sasa tuje kwenye Minhaj. Nawawi anatenganisha mbio na kulenga shabaha. Katika mbio, farasi lazima wabainishwe, na wakishabainishwa hawabadilishwi. Mmoja akifa, mkataba umekwisha. Katika shabaha, upinde na mshale si lazima vibainishwe. Hata vikibainishwa, kule kubainishwa hakuna nguvu: mlengaji anaweza kuchukua upinde mwingine wa aina ileile. Na wakiwekeana sharti kwamba upinde usibadilishwe kabisa, sharti hilo linauharibu mkataba mzima. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Kwenye mbio anayepimwa ni farasi. Kwenye shabaha anayepimwa ni mtu, na upinde ni njia yake tu. Huwezi kusema chombo gani ni cha haki mpaka useme kwanza umekuja kupima nini.

Wamarekani wamelijibu swali hilo kwa namna zao. Chama cha wahunzi wa visu, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976, kina mtihani ambamo mhunzi anakata kamba inayoning'inia, anakatakata mbao, kisha kwa makali yaleyale ananyoa vinyweleo, na mwisho kisu kinabanwa kwenye jiliwa na kukunjwa nyuzi 90. Kisu kinaharibika, anayeondoka amefaulu ni mhunzi. Kipindi cha televisheni cha Forged in Fire, kilichoanza mwaka 2015, kimechagua njia nyingine. Pale waamuzi ndio wanaokata, na wahunzi wanatazama pembeni huku silaha zao zikipitia mkono usio wao. Hapo kisu ndicho farasi. Na katika Stihl Timbersports, mashindano ya wakata magogo yaliyoanza mwaka 1985, upo mchezo ambao kila mtu anakata kwa msumeno wa mashine wa aina moja, kama unavyouzwa dukani, na upo mwingine ambao kila mtu anakuja na msumeno aliouunda kwa ajili ya mashindano tu. Watu ni walewale, haki ni mbili, na hakuna aliyedhulumiwa, kwa sababu kila mchezo umetamka mapema unapima nini.

Mashindano ya mpwa wangu yanapima mtu na kisu kwa pamoja, na ndiyo maana nazipenda zile inchi 10, 15 na 2. Zinazuia panga la futi 3 ambalo lingefanya urefu uamue kila kitu, halafu ndani ya mipaka hiyo zinamwachia mtu achague umbo, uzito na chuma. Wapo wanaotaka washindani wote wapewe kisu cha aina moja. Nia yao ni njema, lakini siungi mkono. Kujua kisu gani kinaufaa mkono wako ni nusu ya ujuzi, na kulifuta hilo kwa jina la usawa ni kuwanyang'anya wajuzi kilicho chao.

Kuhusu bei ya M4 nilimwambia kwamba chuma kile kinauzwa kwa yeyote, kanuni zinakiruhusu waziwazi, naye hakukificha. Ushindi wake ni halali. Lakini waandaaji wakianzisha kundi la chuma cha bei nafuu, asiwe mtu wa kupinga. Mtume aliwagawa washindani Madina. Ibn Umar anasimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba farasi waliokondeshwa kwa ajili ya mbio, yaani walionenepeshwa kisha wakapunguziwa chakula na kutolewa jasho, walikimbizwa kutoka al-Hafya hadi Thaniyyatul-Wadaa, na wasiokondeshwa wakakimbizwa kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Banu Zuraiq. Masafa ya kwanza yanakadiriwa kuwa maili 5 au 6, na ya pili maili 1. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokimbia. Aliyemwandaa farasi wake hakuzuiwa, na asiyemwandaa hakuburuzwa mbio ambazo zimeshakwisha kabla ya kuanza.

Hofu yangu kubwa haiko kwenye chuma, iko kwa mpangaji wa vituo. Anayeamua mbao ziwe ngapi na mirija mingapi ndiye anayeamua kisu gani kitashinda, hata kabla mshindani wa kwanza hajainua mkono. Akiongeza mbao, kisu kizito kimepanda. Akiongeza mirija, kimeshuka. Mpangaji mwenye rafiki hana haja ya kudanganya saa, inamtosha kupanga. Mafakihi waliuziba mwanya huo. Mwanzo na mwisho wa masafa vijulikane, na viwe sawa kwa wote. Katika shabaha ielezwe nani anaanza, kwa kuwa wa kwanza anaikuta shabaha safi. Na kila mmoja awe na uwezekano wa kushinda: ambaye kushindwa kwake ni hakika, kumwingiza ni kumtumia tu. Kwa hiyo ningetaka vituo vitangazwe kwa wote kwa wakati mmoja, mapema kiasi cha mtu kuweza kunoa inavyofaa. Mbao zenye vifundo ziondolewe, na zilizobaki zigawiwe kwa kura, kama walivyotupa kalamu zao waliogombea kumlea Maryam. Zawadi itoke kwa mwandaaji au kwa mtu wa nje, maana washindani wakichanga wote na mshindi akazoa, hiyo ni kamari, isipokuwa awepo wa tatu asiyechanga na anayeweza kuwashinda.

Limebaki lile gumu. Tuseme visu vimelingana hadi gramu ya mwisho. Mikono je? Mpwa wangu ana mkono mrefu aliourithi kwa babu yake, ambaye naye alikuwa mhunzi na alipiga nyundo mpaka uzeeni. Hakuununua, hakuufanyia kazi. Mwenzake mwenye mkono mfupi hakukosa lolote. Kama tofauti ya chuma inatusumbua, kwa nini tofauti ya mfupa haitusumbui?

Nimelibeba swali hili fuaweni kwa muda mrefu, na msimamo wangu ni kwamba mwili ni riziki, na riziki hiyo hatukuigawa sisi. Tutaulizwa juu ya tunavyovigawa sisi: kanuni, mbao, saa, jicho la mwamuzi. Hapo hatuna udhuru hata wa nukta moja. Kwa upande wa mshindi, hesabu yake ni nzito zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya ushindi wake alipewa tu. Al-Adbaa, ngamia wa Mtume, alikuwa hashindwi. Akaja bedui juu ya ngamia wake kijana akampita, na Waislamu wakaumia sana. Mtume akawaambia kwamba Mwenyezi Mungu hakiachi kitu cha dunia kiinuke ila atakishusha. Simulizi haisemi kwamba alidai mbio zirudiwe, wala kwamba alichunguza ngamia wa bedui alilishwa nini. Mbio zilikuwa za haki, na matokeo yake yalibaki.

Ndipo mpwa wangu akaniuliza la karibuni. Kisu cha mpinzani wake kikikutwa na ufa kwenye ukaguzi, na yeye, mpwa wangu, ana kisu cha akiba, afanye nini? Marafiki zake wamemwambia hiyo ni nafasi yake. Kwa hesabu ya Nawawi, upinde unabadilishwa kwa wa aina yake, kwa kuwa mtu aliyekuja kupimwa bado yupo pale amesimama. Nilimwambia amwazime, ikiwa waandaaji wanakubali na mkaguzi amekipitisha. Tena akinoe kwanza.