Kinachobandukika

Alama yenyewe ni ndogo, ukubwa wa sarafu. Ukiwa ndani chini ya taa huioni. Ni mpaka ulipeleke gitaa dirishani na kuliinamisha kidogo, ndipo unaliona duara lililofifia pembeni mwa daraja la nyuzi, mahali ambapo vanishi imepoteza mng'ao kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nimelifuta kwa kitambaa kikavu, kisha chenye unyevu. Halifutiki.

Gitaa si langu. Ni la mjomba, kaka yake mama, mwalimu mstaafu anayeishi Morogoro. Aliachiwa na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, miaka mingi kabla sijazaliwa. Ni gitaa la nyuzi za nailoni, shingo pana, na tumbo jepesi kiasi kwamba ukikohoa karibu nalo linaitikia. Wazee wa mtaani kwake waliliita galatoni, kama walivyoita kila gitaa lisilo la umeme, jina lililobaki kutoka kwenye magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini, ingawa hili halina undugu na hayo. Miaka mitatu iliyopita mjomba alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea. Nilipopata nafasi ya kusoma uzamili Dar es Salaam, akanikabidhi.

"Sikupi, mjomba," alisema, maana naye huniita hivyo hivyo. "Nakuazima. Lipige, lisilale. Ila usije ukalitoboa."

Sikumwuliza habari ya kutoboa ilitoka wapi. Nilisema ndiyo mjomba, nikafunga zipu ya mfuko.

Ijumaa na Jumamosi usiku napiga katika mgahawa mmoja, na hela ya hapo ndiyo kodi yangu ya chumba. Kwa miezi miwili nilipiga kavu. Kuna feni, kuna jiko upande wa pili wa pazia, kuna watu wamekuja kuongea. Mwenye mgahawa, mama mmoja mstaarabu, alinivuta pembeni. "Mwanangu, unapiga vizuri, lakini wanaokusikia ni meza mbili." Kuna kijana wa kinanda alikuwa ameomba siku zile zile. Akanipa hadi mwisho wa mwezi nitafute namna ya kusikika.

Nikaenda kwa fundi. Nilidhani ni kazi ya kununua kile kinachowekwa kwenye gitaa la umeme, lakini akacheka. Kile ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitetema juu yake, umeme unazaliwa kwenye waya. Nailoni haijui sumaku. Hata zile nyuzi tatu nene, zilizozungushiwa waya wa shaba, ni bure, kwa sababu shaba haivutwi. Kwa gitaa kama langu hutumika kitu kingine, kauri inayotoa umeme ikibanwa au kutikiswa. Tabia hiyo ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waliionyesha kwenye fuwele mwaka 1880. Fundi alitaka kuweka ukanda wa kauri hiyo chini ya mfupa wa daraja, kisha atoboe tundu la milimita 12 kwenye kitako cha gitaa, jeki itokee hapo. Nusu saa tu, alisema, na drili ilikuwa tayari mezani.

Nililikumbatia gitaa kama mtoto aliyepelekwa kuchomwa sindano.

"Basi chukua hii ya kubandika," akasema. Alitoa kisahani cha shaba nyeupe chenye mkia wa waya, na kipande cha gundi laini kama bigijii iliyotafunwa. Unabandika nje, unapiga, ukimaliza unabandua. Wanamuziki wanakiita pikapu, na mimi kila nikilisikia neno hilo naona gari la kubeba mkaa, kwa hiyo humu nitakiita kidude.

Wiki ile darasani tulikuwa tunasoma maadili ya ukarabati wa kazi za sanaa. Cesare Brandi, Mtaliano, aliandika katika kitabu chake cha 1963 kwamba marekebisho yoyote yasizibe njia ya marekebisho yajayo, bali yaisafishe. Ukiongeza kitu kwenye mchoro wa zamani, mtu wa kesho aweze kukitoa. Nilifurahi kama mtu aliyeokota hati ya kiwanja. Mjomba alikataza kutoboa, na huku si kutoboa. Kinachobandikwa hubanduka. Nikanunua.

Sasa, kila Jumapili jioni nampigia mjomba simu. Jumapili ile tuliongea kuhusu presha yake, mvua, na bei ya mchele. Kidude kilikuwa mezani mbele yangu. Sikukitaja.

Usiku wa kwanza nilichomeka moja kwa moja kwenye mikisa ya mgahawa, ikatoka sauti ya bati. Baadaye nilijifunza kwamba kidude cha namna hii, kikikutana na mlango wenye ukinzani mdogo, besi zake zote humwagika njiani. Kinataka kiboksi cha katikati chenye ukinzani wa megaomu 1 au zaidi. Nikaazima kiboksi. Besi zikarudi, na zikaja na wageni. Hewa iliyomo kwenye tumbo la gitaa kama hili ina mlio wake yenyewe, karibu na mitetemo 100 kwa sekunde, na uzi wa tano, ambao ni 110, ni jirani yake. Nikipandisha sauti, uzi ule ulianza kuunguruma bila kuguswa: spika inalitikisa tumbo, tumbo linakitikisa kidude, kidude kinairudishia spika, mpaka wateja wanageuka. Dawa niliyoipata ni kanga ya mama iliyokunjwa na kusokomezwa kwenye tundu la sauti.

Hata baada ya hayo, kilichosikika hakikuwa kile ambacho mjomba alikipenda. Sikio hupokea hewa. Kidude hupokea ubao. Kiliikuza sauti ya kifungo cha shati langu kikigusa pembeni, kikaukuza ukucha, kikakuza kila mara nilipobadilisha mkao. Kukisogeza sentimita mbili tu kulibadilisha kila kitu, kwa hiyo nilipopata mahali pazuri nilipang'ang'ania.

Na hapo ndipo nilipoteleza. Wiki ya kwanza nilikibandua kila usiku. Ya pili nilikibandua nilipokumbuka. Ya tatu nilikiacha palepale, ndani ya mfuko, katika joto la chumba changu cha bati. Nilipokuja kukitoa, mafuta ya gundi yalikuwa yameshaingia kwenye vanishi ya zamani. Kubandukika kulikuwa kumegeuka sifa ya kidude, si kitendo changu. Mji huu una vibanda vya muda vinavyonizidi umri.

Rafiki yangu anayesoma uchumi haoni tatizo. Anasema gitaa lisilosikika ni samani, mjomba mwenyewe kasema lisilale, na alama haibadilishi sauti hata chembe. Ana hoja nyingine nzito kuliko anavyojua: gitaa la aina hii halijawahi kukaa lilivyo. Zamani nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa wanyama. Vita Kuu ya Pili ilipoufanya utumbo uadimike, maana madaktari waliutaka kushonea majeruhi, Albert Augustine kule New York alianza kutengeneza nyuzi za nailoni, na Andrés Segovia akazipokea. Antonio de Torres, ambaye magitaa ya leo yanafuata umbo lake, mwaka 1862 alitengeneza moja lenye mgongo na mbavu za karatasi, kuonyesha kwamba siri iko kwenye uso. Nikisema nimeharibu asili ya gitaa, ni asili ipi hiyo?

Nakubali yote. Lakini sidhani kosa langu liko kwenye vanishi. Nikijiuliza kwa nini sikumtajia mjomba Jumapili ile, jibu ni kwamba neno "kinabanduka" lilinipa ruhusa ambayo ni yeye tu angeweza kunipa. Kama ingekuwa drili, ningempigia. Kitisho cha tundu kingenilazimisha. Wepesi wa kidude ndio ulioniondolea ulazima wa kuuliza. Tundu ambalo mjomba angelikubali lisingekuwa dhuluma hata kidogo, ingawa lisingezibika milele. Alama hii, ambayo pengine fundi mzuri wa vanishi anaweza kuifuta kwa siku moja, ni dhuluma. Brandi anamlinda mtu wa kesho. Mwenye mali aliye hai leo, anayepokea simu mlio wa pili, ana haki nyingine kabisa, na mimi niliiruka kwa kujificha nyuma ya kitabu.

Jumamosi iliyopita niliomba ruhusa mgahawani, nikapanda treni kwenda Morogoro na gitaa mapajani. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilipofika nikasema tu, "Shikamoo mjomba. Kuna kitu nililibandika bila kukuambia."

"Marahaba. Lete nilione."

Alilipeleka mlangoni kwenye mwanga bila mimi kumwelekeza, akapitisha kidole gumba cha kulia juu ya duara. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akataka kukisikia kidude. Nikauliza nikiweke wapi. "Palepale," alisema. "Usitafute pengine pa kuharibu."

Nikachomeka kwenye redio ya mama mkwe wake yenye tundu la maikrofoni, nikapiga. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama.

"Bati," alisema.

"Hapa hakuna kiboksi, mjomba."

"Bati hata hivyo. Huyo fundi alitaka kutoboa wapi?"

Nikamwonyesha kitako cha gitaa. Akagonga pale kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena pembeni. "Hapa ndani kuna gogo," alisema. "Hapa ni pazito." Akaendelea: "Nilijua ipo siku utaniuliza. Ulivyonyamaza nikadhani hulihitaji."

Sikuwa na la kujibu. Shangazi akaleta chai. Tulipomaliza nikamwuliza sasa, kwa maneno yaliyonyooka, kama ningeweza kulitoboa.

Akasema atafikiria, nimpigie Jumapili ijayo. Leo ni Alhamisi, na kesho usiku nina kazi. Nimeazima maikrofoni na stendi yake. Inabidi nikae bila kutikisika, mdomo wa maikrofoni ukiwa kiganja kimoja kutoka kwenye gitaa, na kila feni inapogeuka itanasa upepo wake.